Nilivyolala Ndani ya Nyambizi

Mimi ni muuza vitambaa wa Mombasa, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikienda Guangzhou mara mbili kwa mwaka, mara nyingine tatu. Safari hii ninayoielezea nilikwenda kufuata kitambaa cha madera. Wateja wangu walikitaka cha rangi ya damu ya mzee, na hiyo ndiyo niliyoagiza, nikaacha na kipande cha mfano ili pasiwe na maneno. Kilipotoka kiwandani kilikuwa zambarau, zambarau ya kung'aa, ya sherehe za watoto.

Mwenye duka ninayenunua kwake, kule soko la vitambaa la Zhongda, ni mwanamke wa rika langu. Namwita laoban, yaani bosi, kama kila mtu anavyomwita kila mwenye duka pale. Alikishika kitambaa, akakitazama chini ya taa, akakiri kosa bila ya kubishana. Akasema watapaka rangi upya. Lini? Mingtian, kesho. Na kesho yake nilipokwenda, ikawa mingtian tena. Siku ya nane nilifika dukani kwake nikaketi juu ya jora la kitambaa bila hata kumsalimu. Nadhani sura yangu ilimtisha. Alinitilia maji ya moto kwenye gilasi ya karatasi, akafungua droo, akanipa tikiti mbili.

Zilikuwa za makumbusho ya jeshi la majini. Kuna nyambizi ya zamani iliyostaafishwa, imefungwa kando ya mto, na watu huingia ndani kuiangalia. Alinieleza kwa Kichina cha pole pole, kile cha kusemea na sisi wageni, na niliposhindwa kuelewa alisema, "Wo baba," akijigonga kifua. Hapo nilielewa, kwa sababu neno baba ni lile lile kwao na kwetu. Baba yake alifanya kazi ndani ya nyambizi kama ile ujanani, na sasa huenda pale siku tatu kwa wiki kuwatembeza wageni, kwa kujitolea tu.

Sikutaka kwenda. Nilitaka kitambaa changu. Lakini mtu akikupa zawadi kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa, huwezi kuirudisha.

Hotelini nilikuwa nikikaa chumba kimoja na mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa mikoba. Tulijuana miaka mingi nyuma kwenye lifti ya hoteli hiyo hiyo, na tangu hapo tukipatana tarehe tunagawana chumba. Yeye alikuwa ameshamaliza kazi zake kwenye soko la mikoba la Shiling, mizigo imeshapelekwa bandari ya Nansha, na alibakiwa na siku mbili za kungoja ndege. Nilipomwonyesha tikiti alifurahi. Aliniambia nimekuwa kama mgonjwa, naswali nimeketi pembeni mwa kitanda, chakula nakigeuza geuza tu, na kwamba kutoka nje kutanisaidia. Tukatoka asubuhi, treni ya chini kwa chini kisha basi, kwenye joto la unyevu linaloifanya nguo ishike mwili kabla hata hujafika kituoni.

Nyambizi ilikuwa nyeusi na ndefu, ndogo kuliko nilivyoidhania. Mzee alikuwa akitungoja kwenye ngazi ya kupandia. Mwembamba, kofia nyeupe, suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Binti yake alikuwa amempigia simu. Alinipa mkono, akampa mwenzangu mkono, akatuonyesha tundu la duara la kushukia.

Mwenzangu alichungulia ndani, akarudi nyuma hatua mbili. Alisema mwili wake hautapita pale, na hata ukipita, moyo hautaki.

"Mi siwezi ingia mule, dada," aliniambia. "Ingia weye, nitakungojea huku inje."

Basi nikashuka peke yangu, nikiwa nimelikusanya buibui langu mkono mmoja, na mzee akinielekeza pa kuweka mguu.

Ndani kulikuwa kwembamba. Watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Kila upande mabomba, saa za kupimia, magurudumu ya chuma ya kufungia maji, na milango midogo ya duara ambayo ni lazima uinue mguu na uinamishe kichwa kwa wakati mmoja. Mzee aliipita kama maji. Mimi niligonga paji la uso mlango wa kwanza, na goti mlango wa pili. Tulizungumza kwa simu yangu: yeye anaongea Kichina, simu inasoma Kiswahili chake cha ajabu. Alinionyesha darubini ya kutazamia juu ya maji, na mirija ya kurushia makombora, na wageni wengine walipokuwa wakipiga picha pale, niliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu.

Kisha tukaingia chumba cha injini, na hapo harufu ya dizeli iliyozeeka ikanisimamisha.

Baba yangu alikuwa mtu wa injini kwenye tagi za bandari ya Mombasa, zile boti zinazovuta meli kubwa. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi nyumbani sisi tukitoka kwenda shule, akila kidogo, akilala hadi alasiri, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Harufu yake ilikuwa hii. Sabuni haikuiondoa. Mwaka nilipofaulu mtihani wa darasa la saba nilirudi mbio na karatasi mkononi, nikamkuta amelala. Mama alinikataza kumwamsha. Nikaketi mlangoni kwake na karatasi yangu. Alipoamka alikuwa ameshachelewa. Alivaa, akanipita, akanigusa kichwa, akaenda kazini. Karatasi hakuiona siku ile. Aliambiwa baadaye, akafurahi, lakini mimi nilikuwa nimeshafunga moyo, na niseme kweli, sikuufungua vizuri hadi alipofariki.

Sikumweleza mzee haya. Sikuwa na nguvu, na simu ingeyaharibu. Nilimuuliza jambo moja tu, nikilisema taratibu ili simu ishike.

"Mlikuwa mkichoka?"

Simu ikasema Kichina. Mzee alinipeleka chumba kilichofuata, cha vitanda. Vilikuwa vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine, vyembamba kama rafu za dukani. Akakishika kile cha chini, akasema maneno machache, na simu ikayasoma: "Kitanda kimoja, watu wawili. Mtu anashuka, mtu anapanda. Godoro halikupata kupoa."

Akaniashiria niketi. Kulikuwa na kamba ya kuzuia wageni, aliifungua mwenyewe. Niliketi kwa sababu goti lilikuwa likiniuma. Aliendelea kuzungumza, na simu ikaendelea kusoma: joto, na jasho, na jinsi walivyolala na viatu mkononi, na jinsi mtu mmoja akikoroma wote walivyojua ni nani hata gizani. Niliinamisha kichwa kwenye mto kwa nia ya kujua tu urefu wa kitanda. Hilo ndilo la mwisho ninalolikumbuka.

Nilipoamka sikujua nipo wapi. Kitanda cha juu kilikuwa karibu na pua yangu na kilikuwa cha chuma. Buibui lilikuwa limenifunika vizuri hadi miguuni, na viatu vyangu vimepangwa sakafuni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwangu, mguu mmoja ameuweka kizingitini. Kundi la wageni lilikuwa likija kutoka chumba cha injini. Alinyanyua kidole mdomoni, wakanyamaza, wakapita mmoja mmoja bila kunitazama. Nikatazama saa. Nilikuwa nimelala saa moja na dakika arubaini, mchana kweupe, mbele za watu, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Niliketi nikagonga kichwa tena. Nikaomba radhi kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili. Akatafuta simu, akasema kitu, na simu ikasoma: "Mlinzi alikuja. Nilimwambia wewe ni mgonjwa. Nilisema uongo kidogo."

Kisha akaongeza, na hili simu ililisema vizuri kuliko yote: "Umeuliza kama tulichoka. Tulichoka sana. Nyumbani sikuwahi kulisema."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, jambo ambalo si desturi yangu kwa mwanamume nisiyemjua, naye akauacha mkono wake pale.

Huko nje mwenzangu alikuwa amekasirika kabisa. Alikuwa ameketi kivulini na mahindi ya kuchemsha mawili, moja lake na moja langu lililopoa, na alikuwa ameshamwendea mlinzi mara mbili kumwambia dada yake amemezwa. Nilipomweleza kuwa nimelala, alinitazama uso, akanipa hindi. Ndani ya basi alisema tu kwamba uso wangu umerudi. Mimi sikuona hivyo. Bado nilikuwa nimechoka. Sema sasa nilijua ni kiasi gani.

Jioni hiyo nilimpigia mama yangu Mombasa. Ana miaka themanini na mbili na husikia vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza kuhusu siku ile ya karatasi ya mtihani. Haikumbuki. Anazikumbuka siku zingine, nyingi, alizosimama kati yetu na mlango wa chumba.

"Hata mimi nilikuwa nikimkasirikia," akasema. "Ulidhani ni wewe peke yako?"

Kitambaa kilikuwa tayari baada ya siku tatu. Hakikuwa damu ya mzee hasa, lakini kilikaribia, na nilikipokea. Wakati majora yanafungwa, laoban alinieleza kwamba baba yake alizungumza sana mezani usiku ule, na hiyo si kawaida yake. Watu humuuliza juu ya makombora na kina cha maji, naye huwajibu. Safari hii alikuwa amewasimulia wajukuu habari za godoro. Alinisimulia hivyo bila kunitazama, akiendelea kukata kamba kwa mkasi. Kisha akaniuliza kama mwaka ujao nitakuja mwezi ule ule.

Nilimjibu sijui. Ulikuwa ukweli. Nilirudi nyumbani, nikamkabidhi binti yangu funguo za duka kwa miezi mitatu, jambo ambalo alikuwa akiliomba kwa muda mrefu na mimi nikilikwepa. Miezi hiyo, baada ya adhuhuri, nilikuwa nalala. Wajukuu walipokuja sikutaka wanyamazishwe, nikauacha mlango wazi, na wakaja kunikanyaga walivyotaka.