Mkoromo Ulioitikiwa na Kikao Kizima

"Khhuru!"

Sauti hiyo bado iko masikioni mwangu. Walimu wenzangu, naibandika hapa kwenye gazeti letu la ukutani kabla sijapoa.

Leo asubuhi, kikao cha kijiji, Msimbu. Mwenyekiti anaeleza palizi ya mikorosho ya shamba letu la pamoja. Baba yangu amelala kwenye benchi, anakoroma.

Mara kimya. Hapumui. Nikahesabu moyoni mpaka kumi na tano.

Ndipo akashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo: "Khhuru!"

Watu wakadhani ni "Uhuru!"

Wakaitikia kwa pamoja: "Na kazi!"

(Nilicheka. Nisameheni.)

Mwenyekiti hakucheka. "Kazi gani, Mzee Athumani? Shambani unalala, kikaoni unalala. Kupe hapati mgawo wa mavuno!"

"Mwenyekiti, hata sijui kwa nini. Usiku kucha nalala," Baba akajitetea.

Nikasimama. "Halali. Koo linaziba, anashtuka kutafuta pumzi, anasinzia, linaziba tena. Daktari wa Kibaha ameniambia ndiyo maana presha iko juu na kichwa kinamuuma kila asubuhi."

"Dawa yake nini, binti?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwanza, asilale chali."

Mama akadakia: "Njoo umgeuze wewe, mwanangu. Mimi mkono umekufa ganzi!"

Kikao kikaangua kicheko. Mwenyekiti akampa Baba wiki moja aache kusinzia.

Semeni, ni utovu wa adabu? Nimekwisha kushona mfuko mgongoni mwa fulana yake ya kulalia, nikatia kifuu cha nazi, kimchome akilala chali.

Hajaambiwa.