Nyota Zilizotobolewa kwa Sindano

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi yangu huegemeza kipande cha karatasi laini ukutani karibu na kabati la vyombo, akaachia mkono, akakipuliza kisianguke. Wakati huo huhesabu kwa vidole. Nilipokuwa shule ya msingi alikuwa anafika arobaini, mimi mtazamaji ndiye ninayechoka. Mwaka huu karatasi ilianza kudondoka kwenye ishirini, kisha kumi na tano. Juma ninalolisimulia hapa ilidondoka kwenye tisa. Aliiokota, akaikunja, akamimina chai kana kwamba hakuna lililotokea.

Shangazi ni dobi wa hospitali. Miaka ishirini na sita amefua mashuka katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mvuke na dawa za kung'arisha vimemla mapafu taratibu, kama kutu ilavyo bati. Pia ni mpiga saksafoni katika bendi ya jazi ya watu watatu. Ukimuuliza kazi yake, atakutajia hiyo ya pili.

Kazi hizo mbili zilikutana siku mashine ya kukaushia ilipokufa. Watu wa zamu ya usiku wakawa wanaanika juu ya paa, kwenye kamba tano zilizofungwa sambamba. Shangazi alilala chali chini ya kamba ili apumzishe mgongo, akaona nyota zimekaa juu ya kamba na katikati yake, kama noti za muziki kwenye mistari. Tangu hapo hupanda na karatasi aliyoichora mistari mitano. Kila nyota huitoboa mahali pake: ndogo kwa sindano ya kushonea, kubwa kwa sindano ya magodoro. Tundu dogo ni sauti fupi. Tundu kubwa hupulizwa hadi pumzi iishe. Kwenye pembe ya juu huweka msalaba wa penseli, maana mistari mitano haina kichwa wala miguu. Ukiipindua bado ni mistari mitano.

Alikusudia nyimbo kumi na mbili. Kumi na moja zilikwisha kurekodiwa. Ya kumi na mbili ilikuwa na nyota kubwa nne.

"Mama," daktari alimwambia, "chagua: saksafoni au ngazi."

Alichagua saksafoni, akahama chumba chake cha ghorofani nyumbani kwetu, akaingia cha chini.

"Dada, nyota haziliki," baba alimchokoza mezani.

"Na wewe huliki, mbona tunakufuga?"

Baba alicheka. Lakini alipotoka nje nilimkuta amesimama kibarazani na kikombe mkononi, chai imepoa.

Wimbo ule shangazi alikataa kuufanyia mazoezi. "Pumzi niliyobaki nayo ni ya mara moja," alisema. Alikuwa amepanda paani mara ya mwisho akipumzika kila ngazi ya tatu, na kwa kuwa asingeweza kupanda tena kutoboa nakala ya pili, aliweka karatasi mbili pamoja na kuzitoboa kwa mkupuo mmoja. Moja yake, nyingine ya Profesa, mpiga kinanda wao, mwalimu mstaafu wa hesabu.

Jumamosi mchana nilimbebea saksafoni hadi studio. Ni chumba nyuma ya duka la magodoro, kuta zimebandikwa trei za mayai, kipaza sauti kimoja kinaning'inia katikati. Mpiga ngoma, ambaye wanamwita Taratibu kwa kuwa hajawahi kwenda taratibu, alimvutia kiti.

"Dada, tujaribu hata mstari mmoja," Profesa akaomba.

"Chakula cha mtu mmoja hakionjwi na watatu. Washeni."

Akaanza. Nyota kubwa ya kwanza aliishikilia hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akapanda, sauti moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na alipofika kileleni akashuka. Kinanda kilikuwa kinashuka. Yeye akipanda, chenyewe kinashuka, akishuka, kinapanda, na mimi nisiyejua muziki nikadhani ndivyo ulivyotungwa. Nyota ya mwisho haikufifia, ilikatika. Akaketi, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Kali sana!" fundi mitambo akapiga kelele. "Hilo la kinanda kwenda kinyume, nani kalibuni?"

Profesa aliigeuza karatasi yake, akaigeuza tena.

"Dada," akasema. "Juu ni wapi?"

Shangazi alinyoosha karatasi yake. Msalaba ulikuwepo. Ya Profesa haikuwa nao. Sindano ilikuwa imepita karatasi zote mbili. Penseli ilibaki kwenye ile ya juu. Profesa alikuwa amepiga anga lote miguu juu, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Tumfute Profesa, abaki yeye," Taratibu alisema.

"Kipaza ni kimoja, kaka," fundi akajibu. "Nitatoaje sukari kwenye uji?"

Shangazi akainuka, akaigeuza karatasi ya Profesa kwa mkono wake mwenyewe, akaweka saksafoni mdomoni. Ilitoka hewa tupu, kama birika lililokaribia kuchemka. Akajaribu tena. Safari hii alikohoa hadi Taratibu akamshika kiuno asianguke. Profesa alikuwa ameinamia kinanda, anarudia, "Nisamehe, dada, nisamehe."

"Ni mimi niliyesahau," alimwambia, neno moja moja.

Fundi alizima mashine. Tuliketi nje, kwenye godoro lililofungwa nailoni, tukingoja apate nguvu ya kutembea. Nilikuwa na swali moja tu.

"Shangazi, ulipokuwa unapiga, ulisikia kwamba Profesa anakosea?"

"Nilisikia tangu nyota ya tatu. Ningesimama, nisingeweza kuanza tena."