Kukwaruza Mkono wa Mtoto

Huku kwetu Arua, mama akitaka kujua kama mtoto wake ameingia kwenye maji, hamuulizi. Humwita, humshika mkono, kisha humkwaruza kwa ukucha kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mtoto aliyeoga mtoni au shimoni na kukaukia juani, ngozi yake hutoa mstari mweupe kama wa chaki. Mstari ukionekana, fimbo. Usipoonekana, karibu chakula. Mama yangu alinifanyia hivyo, naye alifanyiwa na mama yake huko Kongo kabla hawajavuka mpaka kuja kufanya biashara. Nami nilimfanyia binti yangu tangu alipoanza kutembea na wenzake. Majirani waliniletea hata watoto wao niwapime, maana walisema ukucha wangu haudanganywi.

Ulidanganywa. Nasema mapema ili nisije nikajipamba huko mbele.

Tunakaa upande wa Ayivu, pale mji unapoisha na mihogo inapoanza. Katikati ya mashamba kuna mashimo ya matofali. Watu huchimba udongo, hufyatua matofali, huyachoma, huyapakia kwenye lori, kisha huondoka na kuacha shimo wazi. Mvua zikija, shimo hujaa maji mekundu yaliyotulia, na hakuna anayejua kina chake isipokuwa aliyelichimba, naye keshahamia shamba jingine. Watoto wetu hupita hapo wakitoka shule, jua likiwachoma, na sisi tumewaambia neno moja tu, kwamba maji ni mabaya. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao pale hata siku moja, kwa sababu katika mtaa wetu hakuna mtu mzima aliyejua kuogelea. Tulikataza kitu tusichokijua, tukaita hayo malezi.

Siku ile binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alirudi mchana saa tisa na nusu. Mimi nauza vitenge, na nilikuwa nyumbani nakunja mzigo wa kupeleka Koboko. Nikamwita, nikamkwaruza. Hakukuwa na mstari. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa. Nikampakulia ugali wa muhogo na maharage, akala, kisha akaosha sahani yake na yangu bila kuambiwa. Nikajisifu moyoni kwamba mtoto ameanza kukomaa.

Saa kumi jirani yangu alikuja. Milango yetu inatazamana, na binti yake wa kwanza alisoma darasa moja na wangu.

"Dada, mutoto yangu iko kwako?"

"Hapana. Leo hapana pita hapa."

Nikamgeukia binti yangu. "Wewe, rafiki yako iko wapi?"

Akatikisa kichwa. Nikamwamini, kwani nilikuwa nimempima mwenyewe na amefaulu. Tukatoka, jirani na mimi, tukazunguka shuleni, sokoni, kwa shangazi yake karibu na kanisa. Tulipita kando ya yale mashimo mara mbili. Tuliita jina la yule mtoto tukiwa tumeyapa maji mgongo.

Jua lilipokuwa linazama tulirudi nyumbani, na binti yangu alikuwa ameketi kizingitini akitapika maharage yote. Akafuta mdomo akasema, "Mama, yeye iko kwa shimo."

Sitaeleza jinsi jirani yangu alivyokimbia. Nitaeleza wale wanaume. Walikuwa saba au wanane, mafundi wa matofali kutoka kwenye tanuri lililokuwa likifuka moshi hapo hapo, wanaume wenye mabega, wengine wao ndio waliochimba lile shimo kwa mikono yao. Walisimama ukingoni wakitazamana. Mmoja alijifunga kamba kiunoni, akaingia hadi kifuani, akarudi anatetemeka. Mwishowe walifunga ndoano kwenye mwanzi mrefu wakaanza kupapasa maji. Hivyo ndivyo mtoto wa jirani yangu alivyotolewa, kwa ndoano. Nilikuwa na hasira nao hadi nikaona nyota, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nimesimama pale pale ukingoni, na siwezi chochote kuwazidi.

Ukweli wote niliupata siku ya tatu. Watoto walikuwa watano. Walikuwa na mafuta ya kupikia kwenye chupa ndogo ya soda, wameyaficha kwenye shamba la muhogo. Mafuta yangu, ya jikoni kwangu. Kila walipotoka majini walikausha nywele, wakajipaka mafuta, ndipo wakarudi nyumbani kwa mama zao wenye kucha hodari. Siku ile yule mtoto aliteleza mahali penye kina. Alishika majani ya ukingoni. Aliwaita. Mmoja wao alitaka kukimbilia wale mafundi kwenye tanuri, wenzake wakamzuia.

"Tulisema, wao watasema kwa mama," binti yangu aliniambia. "Mama watapiga sisi."

Wakangoja ajitoe mwenyewe. Hakujitoa. Basi wakakausha nywele.

Unajua nilifanya nini niliposikia hayo? Nilichukua fimbo, nikampiga. Nilimpiga kwa kuogopa fimbo. Niliposhtuka nikaona nilichokuwa nakifanya, fimbo ilikuwa imeshavunjika.

Mazishini, mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema wazazi tuwachunge watoto. Mtu wa kanisa alisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakanong'ona, "Maji ile iko na mwenyewe," yaani shimo lina pepo wake anayevuta watu. Hapo nikawaka. Nikasimama mbele ya wafiwa, jambo ambalo si heshima, nikasema mwenyewe wa lile shimo tunamjua sote, anauza matofali, na hata kanisa letu limejengwa kwa matofali yake. Nikasema hakuna pepo aliyewafunga wale watoto midomo. Wakanikalisha. Baada ya wiki kilisimamishwa kibao chenye neno HATARI, na shimo likabaki wazi nyuma ya kibao chake. Watoto wa mtaa mzima walichapwa upya, ili wakome.

Jirani yangu hakusema nami tena. Sikumlaumu. Alikuwa amebakiwa na binti mmoja, wa miaka saba, aliyepita njia ile ile kwenda shule ile ile.

Na mwanangu alikuwa hataki hata kunawa uso kwenye beseni. Ukimmwagia maji kichwani alikauka mwili mzima, lakini hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtoto mwenye hofu angelia. Wangu alikaa kimya. Nikaona kwamba siku akipatwa na jambo lolote, majini au nchi kavu, atanyamaza hivyo hivyo hadi mwisho. Nikala kiapo: huyu atajua kuogelea, na akizidiwa, atapiga kelele, na mimi nitaingia.

Kuapa ni rahisi. Kwenye hoteli moja mjini yenye bwawa, mlinzi alinitazama toka kilemba hadi kandambili akaniambia, "Mama, hapa watu ya kazi ya misaada." Nikamwuliza kama watu wa misaada ndio wanaozama Ayivu. Akafunga geti.

Aliyenisaidia nilimpata Oraba, mpakani, ambako mimi huuza vitenge kwa wanawake wanaovuka kutoka Kaya. Ni mama muuza chai kwa madereva wa malori, mtu wa Sudan Kusini, aliyezaliwa kando ya Nile. Nilikuwa nikinywa chai yake nikafoka habari za mashimo na mlinzi, naye akacheka hadi akaweka birika chini.

"Mama mukubwa kama wewe hapana jua maji? Sasa mutoto yako nani atafundisha, samaki?"

Dada yake alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni pale Koboko, yenye kibwawa kidogo nyuma. Mwenye nyumba alikubali tuingie Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajaamka vizuri, mradi nasi tukimaliza tusafishe. Basi kila Jumamosi tukapanda gari kwenda Koboko, mwanangu na mimi, na mfuko wa nguo za kubadilisha, naye mama chai akaja kutoka Oraba kutufundisha.

Nilidhani tutaanza na miguu na mikono. Mama chai hakutaka. Alimkalisha binti yangu kwenye ngazi, maji yakimfika magotini, akamwambia, "Piga kelele. Sema, saidia! Mpaka mulinzi ya geti anakuja hapa kukimbia." Mtoto akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Tulirudi Arua bila kuogelea. Jumamosi ya pili, vile vile. Nilikuwa nimefura, nikataka kumwambia huyu mwanamke hatukusafiri njia yote hii kuja kufundishwa kelele. Akanitangulia: "Wewe ingia. Yeye ataona."

Nikaingia na gauni langu. Nina miaka arobaini na sita na mwili wa mwanamke aliyezaa. Maji yaliponifika kifuani, pumzi ilinikatika, miguu ikatafuta chini, ikakosa, nikayanywa. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilifika sokoni. Mlinzi alikuja mbio. Mama chai alikuwa amenishika mgongoni kwa kiganja kimoja wakati wote, anacheka. Na binti yangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alikuwa amesimama ananitazama mimi nikiogopa. Nadhani hakujua kwamba mama huogopa.

Jumamosi ya tatu alipiga kelele. "Saidia!" Mara moja, kwa sauti ya kukwaruza. Halafu akarudia, akarudia, hadi wageni wakatoa vichwa madirishani, na mimi nilikaa ukingoni nikalia kwa hasira, kwa sababu kumbe ni neno moja tu, na mtoto mwingine alikuwa amekufa kwa kukosa wenzake wa kulisema.

Baada ya hapo maji hayakumshinda. Alijifunza kulala chali na kuelea, kuvuta pumzi, kujigeuza, kupiga miguu hadi ukingoni. Alijifunza kwamba mwenzako akizama humrukii, unamtupia kitu ashike, tawi, kamba, dumu tupu, huku unaita watu. Alianza kula vizuri na kulala usiku kucha. Na mimi, niliyeingia kwa ajili yake, nikagundua mgongo uliokuwa ukinisumbua kwa kubeba mizigo ya vitenge umenyamaza. Ndani ya maji hakuna anayeninunia wala kunidai tabasamu. Kuna asubuhi niliogelea kutoka upande mmoja hadi wa pili, nikashika ukingo, nikatamani kumtukana kila mtu aliyenifundisha kwamba hiki si kitu cha mwanamke.

Watu walisema, bila shaka. Akina mama wa kanisa walisema namfundisha mtoto uhuni, gauni linamganda mwilini mbele ya walinzi. Niliwajibu kwamba gauni la yule aliyezama pia lilimganda. Hawakurudi.

Mvua za pili zikaanza. Mashimo yakajaa tena. Kibao kilianguka, mtu akakichukua kufanyia mlango wa banda la kuku.

Ijumaa moja jioni, nikiwa napanga mfuko wetu, jirani yangu alivuka. Miezi mingi alikuwa hajakanyaga kwangu. Alimshika mkono binti yake mdogo, akasimama nje ya kizingiti.

"Kesho munakwenda Koboko?"

"Ndiyo."

"Mutaenda na huyu."

Nikasema karibu, akakataa kukaa. Alimwambia mtoto aende akacheze na mwanangu uani, akangoja hadi wametoka.

"Iko kitu nataka kuuliza," akasema. "Siku ile. Kama mutoto yako alikimbia kwako mara moja, alisema kweli, ile saa mutoto yangu bado anashika majani. Wewe ilikuwa utafanya nini?"

Alikuwa ananitazama usoni. Ningeweza kumwambia ningekimbia. Kila mtu angesema hivyo, na labda hata yeye ndicho alichotaka kusikia.

"Mimi ilikuwa nitapiga yeye kwanza," nikasema. "Nyuma ndiyo tutakimbia."

Uani watoto walikuwa wanabishana juu ya kamba ya kuruka.

"Mimi pia," akasema. Kisha akauliza gari linaondoka saa ngapi.