Ngombe Aliyeninyima Maziwa

Mwaka wa 2012 njo shida ilianza. Nilikuwa na miaka makumi tano na mbili, na ngombe kumi na moja kwenye kilima juu ya kijiji cha Mushaki. Siku moja tu, zote zikaenda na watu wa bunduki. Mimi na bibi yangu, muke niliyemuoa, tukashuka kwa miguu mpaka Shasha, kando ya ziwa, na sufuria moja. Shule niliachia mwaka wa tatu wa primaire, kwa hiyo sikuwa na karatasi ya kuonyesha muntu. Nilikuwa na mugongo. Miaka sita nilibeba samaki, nikabeba mihogo, nikabeba mabao ya kujengea, mpaka nikanunua mutamba moja, ngombe jike asiyezaa bado, na tukarudi kwetu. Hakuna aliyenisaidia. Nasema vile ilivyokuwa.

Lakini nilirudi na mzigo mwingine kifuani. Niligombana na mulango, niligombana na kiatu. Kwenye kituo cha afya muganga alinipima tansio, presha ya damu, akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akanipima tena.

"Papa, unafikiri nini sana hivi?"

"Nafikiri unanipotezea wakati," nikamujibu, nikatoka.

Halafu yule mutamba akazaa! Nikaosha chombo changu cha muti, nikakifukiza moshi kama baba yangu alivyofanya. Nikaleta ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, nikamutoa, nikachuchumaa, nikakamua. Matone. Ndama akirudi, maziwa iko. Mimi nikishika, hakuna. Juma nzima hivyo. Nikabadilisha majani, nikaongeza chumvi. Nikasema jirani amemuroga. Mwisho nikamupiga fimbo, na kuandika hivyo naona haya. Akapiga chombo teke, kikabingirika mpaka kwenye miguu ya bibi yangu.

Kwetu mwanamke hakamui ngombe. Anatunza maziwa, anatikisa siagi, lakini chini ya ngombe hakai. Kwa hiyo siku zote alinyamaza. Ile siku hakunyamaza.

"Ngombe iko muzima. Wewe njo mugonjwa."

"Wewe ulikamua lini?"

"Sijakamua. Lakini niko na macho. Unapumua kama muntu anapanda mulima na gunia. Unamushika kama umekamata mwizi. Hata mimi singekupa maziwa!"

Hasira ikanipanda. Palepale nikamupigia simu muchinjaji wa Mushaki: siku ya soko, kesho kutwa, akuje na kamba. Nilipozima simu ndipo nikasikia nilichosema. Miaka sita ya mugongo wangu iwe nyama! Lakini neno nilishalitoa, na mimi sirudii nyuma.

Bibi yangu hakulia. "Basi hizi siku zilizobaki fanya vile ninakuambia. Simama kwenye bega lake. Weka mukono. Pumua polepole mpaka pumzi yako itembee na yake. Halafu mwambie kitu kimoja kizuri. Baba yako alisifu ngombe zake kila asubuhi. Wewe tangu turudi unamutukana tu."

Hapo aliniweza. Kesho yake nikasimama, mukono juu ya ngombe. Kizuri gani?

"Mvua imenyesha," nikamwambia ngombe.

"Endelea!" bibi yangu akaita toka nje, kwenye miti ya uzio wa zizi.

"Nyumba yetu haivuji."

"Inavuja, Papa!"

"Inavuja upande moja tu."

Akacheka mpaka akashika muti. Na mimi nikacheka. Tangu Shasha sikuwa nimesikia kicheko changu. Asubuhi ile tulipata kikombe kimoja. Kikombe! Nikakizungusha nyumbani kama mutoto mwenye kiatu kipya. Lakini muchinjaji hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kikombe kimoja.

Siku ya soko akafika mapema, kamba kwenye bega, akanikuta nimesimama na ngombe, mukono juu yake, akaegemea zizi.

"Papa, unamuomba ngombe musamaha ao unamuposa?"

Jibu nilikuwa nalo, la moto. Pumzi ikaanza kupanda ule mulima wake, na ngombe akainua mguu. Nikaliacha jibu lipite. Nikarudisha mukono kwenye bega la ngombe. Mabega yangu yakashuka, nikasikia tumbo lake linajaa na kushuka, langu linajaa na kushuka. Nikamwambia, "Mugongo wangu njo ulikununua, na ungali hapa. Wewe pia uko hapa." Mguu ukarudi chini. Nikachuchumaa, nikashika.

Shwaa! Shwaa! Povu likapanda, likafika mudomo wa chombo!

"Mama! Leta chombo ingine! Kimbia!" nikamuita bibi yangu.

Muchinjaji akakuna kichwa. "Sasa mimi nitakula nini?"

"Utakunywa," bibi yangu akasema, akamupa kikombe. Muchinjaji akanywa, akapangusa povu kwenye masharubu, akaondoka na kamba yake.

Tangu siku ile sigusi kitu asubuhi kabla ya kusimama pale, mukono juu ya bega lile, na kusema kizuri kimoja. Muganga alinipima tena. Safari hii alipima mara moja tu.

Leo niko na ngombe saba, na yule wa kwanza ni mumoja wao. Shamba ya maharagi. Chombo cha muti, kile kile. Bibi moja, yule yule, bado anapiga kelele toka kwenye miti ya zizi. Nyumba ya mabao, mabati kumi na nane, haivuji.