Neva Iliyofunguliwa Mara Mbili

Sogea karibu, msomaji, nikusimulie habari za mkono. Siku yangu ya kwanza katika idara ya mazoezi ya viungo, hospitalini Moshi, Daktari Mkuu wa Upasuaji alikigeuza kiganja changu akanigusa kifundoni. "Hapa pana mfereji mwembamba. Humo hupita kano za vidole pamoja na neva moja, mshipa wa fahamu. Neva ikibanwa, vidole vinakufa ganzi. Mimi naufungua mfereji. Wewe unaufundisha mkono kazi."

Nilidhani kazi kubwa ni yake, mpaka alipokuja Mama Deo wa Uru. Alishafunguliwa mfereji ule, lakini ganzi ilikuwa imerudi, nzito kuliko awali. Akikamua ng'ombe hakujua kama ameshika chuchu au hewa.

"Mazoezi ulifanya?" nilimuuliza.

"Mazoezi gani, dada? Mama mkwe alisema aliyepasuliwa ni sawa na mzazi aliyetoka kujifungua. Miezi mitatu niko ndani, nalishwa mtori wa ndizi na nyama. Hata kijiko sikushika!"

Daktari alicheka. "Wewe umenenepa, mama, neva imekonda."

Heshima ile ya nyumbani ndiyo iliyomponza. Mkono ulipotulizwa mno, neva ilinatana na kovu, ikabanwa upya. Daktari hakumficha: "Mara ya pili siahidi. Nafuu huja polepole, na pengine isije yote."

Mama Deo alikitazama kiganja chake. "Nirudishie hata kidole kimoja."

Siku iliyofuata upasuaji wa pili nilianza kumkunja na kumkunjua vidole, taratibu. Mama mkwe alifoka, "Mnamtesa mtoto wa watu!" Nilimweleza sababu, kisha nikamkabidhi usimamizi wa mazoezi nyumbani. Sijapata kuona msimamizi mkali kama yule.

Miaka mingi baadaye, nikikaribia kustaafu, Mama Deo alikuja kliniki. Nilimwambia afumbe macho, nikamwekea vitu kiganjani.

"Kifungo," alisema. "Hii punje ya buni."

Nikamgusa ncha ya kidole cha shahada kwa uzi wa pamba, mguso mwepesi kuliko pumzi.

"Hapo umenigusa."

Kidole gumba kilibaki dhaifu, na baridi ya Julai humuuma kovuni. Lakini anamkamua mwenyewe ng'ombe wake. Mpaka leo nastaajabu jinsi kiuzi kile cha mwili, kilichobanwa mara mbili, kilivyoipata tena njia ya kwenda kidoleni.

Nawe ukipasuliwa kifundo cha mkono, usitoke wodini kabla hujauliza: "Vidole nianze kuvikunja lini, na kwa namna gani?" Ukishajibiwa, vikunje.