Hekalu la Chumba cha Nyuma

Juzi nilikwenda Aija, ng'ambo ya hori la Sur, huku Omani, nikaikuta nyumba ya jirani yetu Banyani imegeuzwa mkahawa. Kijana wa pale akanionyesha kishubaka cha chumba cha nyuma, akasema wenye nyumba walikuwa wakiweka tende humo. Tende! Tende, ndugu yangu!

Kishubaka kile kilikuwa hekalu, na sanamu yake ndogo ya shaba. Jirani, mke wa muuza nguo, alizaliwa Unguja kama bibi yangu, na mtaa mzima ni wao wawili tu waliozungumza Kiswahili kwa raha. Mama yangu, mtu wa Sur, hakukijua. Baba alikijua, ila alikionea haya; alikuwa akitafuta kazi serikalini, hakutaka kuitwa Zinjibari, jina la kuwadharau waliotoka Unguja.

Kila alasiri bibi alinishika mkono tukenda. Kengele ikilia, chumba kikinukia udi na samli, tukiletewa bajia za dengu, kisha jirani akianza hadithi za mahekalu ya kale ya kwao. Niliyoipenda ni ya mungu wa kike aliyekaa kilimani, pwani ya Gujarati: kila chombo alichokitazama kilizama. Tajiri mmoja akamsihi ashukie hekalu la chini. Akakubali, kwa sharti achinjiwe nyati kila kidato cha ngazi. Nyati wakaisha, vidato vingalipo. Tajiri akamtoa mwanawe, kisha mkewe, kisha nafsi yake, na mungu akawafufua wote.

"Huyo mkewe aliulizwa?" bibi akasema.

"Nani wa kumuuliza, somo yangu!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Magharibi bibi alikuwa juu ya msala wake, kama siku zote. Lakini watu walisema, na baba akaja juu: "Mama, wanasema tunaabudu masanamu. Khalas, usende tena." Bibi akatii, maana alikuwa akila kwa mwanawe.

Duka lao lilipofungwa, jirani alikuja kuaga. Baba akamwambia mlangoni, kwa Kiarabu, kwamba bibi amelala. Bibi alikuwa nyuma ya pazia, ameshajitanda kanga. Tangu siku ile hadi kufa kwake alibaki na Kiarabu chake cha kuombea maji.

Sasa baba ni mzee. Analalamika kwamba nyumba nzima hana wa kuzungumza naye Kiswahili. Mimi hukaa naye kila Ijumaa, na humjibu kwa Kiarabu.