Usiku Mmoja wa Hema

Mama yangu alipotuona tunapakia hema kwenye bajaji alicheka mpaka akakaa barazani. Kwetu Tanga wanaolala visiwani ni wavuvi, na hulala huko kwa sababu samaki wako huko. Kambi yao huitwa dago, na sijasikia mtu mwenye nyumba yake Makorora, yenye kitanda na chandarua, akienda dago kwa kupenda. "Mwaenda dago bila nyavu," alisema. "Haya, mtuletee kitoweo cha upepo."

Chanzo cha yote kilikuwa simu ya mume wangu. Binti yetu alikuwa amelazwa, na baba yake akampa simu ajipumbaze. Akakuta video ya familia moja ya Wazungu waliopiga kambi kwenye kisiwa cha Ugiriki: hema la buluu, bahari mbele ya mlango, watoto wanatoka usingizini na kuingia majini na nguo zao. Aliitazama mpaka nikaichukia ile familia. Alipotoka hospitali hakuomba baiskeli wala nguo ya sikukuu. Aliomba kulala kwenye hema, kisiwani, usiku mmoja tu. Bibi yake, ambaye utotoni aliwaona Wagiriki wa mashamba ya mkonge, alimwambia hajapata kumwona Mgiriki amelala chini.

Nilikataa. Mtoto ana sikoseli, na tangu alipogunduliwa mimi nimekuwa askari wa mwili wake. Akikosa maji ya kunywa, chembe za damu yake zinajikunja na kuziba njia. Akipigwa na baridi, hivyo hivyo. Akichoka, hivyo hivyo. Kisha mifupa inaanza kuuma, na maumivu hayo nimeyatazama miaka kumi na moja bila kuyajua. Basi haogelei, hachezi mvuani, hatoki bila chupa yake ya maji. Shuleni wenzake wanamwita bibi. Mimi husema heri aitwe bibi kuliko marehemu, na nilimwambia hivyo mume wangu mbele ya mtoto, kwa sababu hasira zangu hazina adabu.

"Huyu mtoto hana hata kitu kimoja cha kusimulia," mume wangu akanijibu. "Likizo ikiisha wenzake wanasimulia, yeye anasimulia wodi."

Nilikubali shingo upande, likizo ya mwezi wa sita. Nilipakia blanketi, sweta, soksi na dawa zake. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikajaza dumu la manjano mpaka shingoni na kuliacha jikoni. Chupa ndogo chache nikazitia kwenye kikapu kwa ajili ya njiani. Kazi ya mume wangu ilikuwa kubeba.

Nahodha wa boti ya mashine alitushusha kisiwani alasiri, maji yamejaa, akasema atatufuata kesho yake wakati kama ule. Mtoto alimuaga kwa kwaheri ndefu, kama anayemuaga mtu aendaye Hija. Kisha akavua viatu. Hakukimbia. Alitembea ufukweni polepole, akinitazama kila hatua kuona kama nitamwita, na mimi, Mungu shahidi, nilijizuia. Mume wangu alihangaika na kamba za hema chini ya mivinje, nikamwelekeza, akaniambia nimwachie, nikaendelea kumwelekeza. Tulikula chapati na samaki wa kukaanga niliotoka nao nyumbani, na chai ya kwenye chupa. Magharibi ilipokaribia nilimtuma mtoto akajaze chupa yake kwenye dumu ameze dawa. Alikawia kidogo, akarudi akasema chupa bado ina maji, atamezea chai. Sikuuliza. Alilala katikati yetu na uso wake ukielekea mlango wa hema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisahau kumgusa paji la uso.

Asubuhi niliwasha moto, nikachota maji ya dumu, nikapika uji. Nikaonja. Nikatema. Nilidhani nimekosea chumvi na sukari, nikamwaga, nikaosha sufuria, nikachota tena na safari hii nikayaonja maji yenyewe kwenye kiganja.

Yalikuwa maji ya bahari.

Lazima niseme kuhusu mama yangu. Kila anayekwenda pwani kutoka nyumba yetu hurudi na maji ya chumvi, kwa amri yake. Anayaweka barazani kwenye dumu la manjano la mafuta ya kula, sawa kabisa na langu, na siku ya Ijumaa ananyunyizia mlango na kumwosha mjukuu miguu, kuondoa husda. Anaamini ni jicho la watu linalomuuma mtoto mifupani. Daktari anasema ni damu. Mama hambishii, ila maji hakosi. Na mume wangu, asubuhi ya safari, alipita barazani, akaona dumu la manjano limejaa, akalibeba. Amezaliwa Amani, milimani, ambako maji yanapita nyuma ya jiko bila kuitwa. Mtu wa namna hiyo haonji maji. Tulikuwa tumevuka bahari na dumu la bahari mabegani.

Nilimwita. Akaonja, akanitazama, akaonja tena kama vile yangebadilika. Sikumpigia kelele, na kwa sababu hiyo alijua jambo ni zito. Tulihesabu tulichonacho: chupa moja nzima, nyingine nusu, na chai ya jana isiyofika kikombe. Wakati huo mtoto akatoka hemani akichechemea, amejifunga blanketi. Usiku upepo wa kusi ulikuwa umepenya chini ya turubai.

"Miguu inauma kidogo," akasema.

Kwake neno kidogo halina maana. Nimemsikia akilisema huku ameng'ata mto.

Mume wangu alimpigia nahodha, akapokea mara moja, na moyo wangu ukatua, halafu ukapanda tena. "Bwana, leo bamvua," nahodha alisema. "Maji yamekimbia, boti yangu imekaa topeni. Labda muombe Mungu. Yakianza kurudi nakuja, wallahi sikai." Tukampigia rafiki wa mume wangu wa Raskazone mwenye boti ya watalii, mashine yake ilikuwa imefunguliwa, iko vipande. Nikampigia mama. Akaenda jikoni, akarudi simuni. "Dumu lako li hapa, mwanangu. Langu ndo silioni." Nilikata simu kabla sijamwambia neno ambalo binti hamwambii mama yake.

Bahari ilikuwa inaondoka machoni petu. Kila nilipoinua kichwa mwamba ulikuwa umeongezeka na maji yamepungua, na boti tuliyoihitaji ilihitaji maji yale yale. Mimi na mume wangu tuliacha kunywa bila kuambiana. Mtoto nilimpa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko, nikimwambia ayaweke mdomoni kwanza. Dawa ya maumivu nilimpa. Ikafanya kazi kwa muda mfupi, kisha miguu ikapanda mpaka kiunoni, na kiunoni mpaka mgongoni.

Mume wangu aliona watu mbali kwenye mwamba, wanawake wanaotafuta pweza, akaenda kuwaomba maji. Nilimtazama akipungua. Wanawake walikuwa ng'ambo ya mkondo, na mkondo hata maji yakitoka una kina; aliwapungia shati, wakampungia mikono, wakadhani anawasalimu. Akapita upande wa pili wa kisiwa, akakuta dago lililohamwa, majivu na magamba na chupa tupu. Aliporudi nyayo zake zilikuwa zimechanwa na matumbawe, na hakuwa na kitu. Nilimwambia, "Umemuua mwanangu." Nilisema taratibu, ili limwingie. Alikaa mchangani akaanza kulia, mtu mzima, na mimi nikamchukia kwa kulia, maana machozi nayo ni maji.

Nilifanya nilichokijua. Niliteka maji ya bahari kwenye sufuria, nikayapasha moto, nikachovya kanga, nikaikamua, nikamfunga miguu na kiuno. Kwa hilo bahari ilifaa. Ikipoa, nachovya tena. Kuni zikiisha, mume wangu anakwenda kuokota nyingine, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Mtoto alikuwa ameacha kusema lile neno kidogo. Alikuwa anahema tu, midomo myeupe, na macho yake yamegeuka manjano kama yanavyogeukaga. Maji ya mwisho nilimlowesha nayo ulimi kwa pembe ya kanga. Nilisoma kila dua ninayoijua, nilipomaliza nikaanza kumtishia Mungu, na sitaandika hapa nilichomwambia.

Boti tuliisikia kabla ya kuiona. Nahodha alishuka kiunoni kwenye maji na dumu kichwani, akatuita tangu mbali kwamba ni maji baridi, ya bomba. Mtoto alikunywa, akatapika, akanywa. Alipobebwa alipiga ukelele mmoja ambao bado ninao masikioni. Hema tuliliacha limesimama. Sijui nani analilalia.

Hospitali walimtundikia dripu, wakampa sindano, wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Daktari alisema tumemfikisha, na ningembusu mikono kama angesimama. Alasiri yote nilikaa pembeni ya kitanda. Jioni maumivu yakalegea, barakoa ikaondolewa, baba yake akaenda kutafuta uji, na mimi nikaona nafasi ya kuyamwaga niliyoyabeba toka asubuhi. Nilianza juu ya baba yake, mtu asiyeonja maji anayombebea mtoto mgonjwa, na ningefika mbali.

"Usimgombeze baba," mtoto akasema. "Mimi nilijua tangu jana."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ya chumvi. Uliponituma nikajaze chupa. Nilionja."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Nadhani nilimwuliza kwa ukali, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

"Ungempigia nahodha," akasema. "Maji yalikuwa bado hayajatoka. Angekuja."

Angekuja, ni kweli. Ningempigia kabla mtoto hajamaliza kusema, na tungelala nyumbani.

"Nilijua nitaumwa, mama. Nilidhani sitaumwa hivi."

Hakuna anayeyajua maumivu yale kuliko yeye, wala mimi, wala daktari. Aliyaweka upande mmoja, akaweka usiku wa hema upande wa pili, akachagua hema, kwa sababu aliamini kwamba mama yake hatampa usiku mwingine. Na hakukosea. Kabla hajafungua mdomo, nimemshika mkono usio na dripu, nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba hatalala tena nje ya chumba changu.